Salamu Zinafika, Habari Hazifiki

Vijana wa kitengo cha ramani, siku mliponiaga mlinipa saa ya ukutani, zawadi nzuri kwa mtu ambaye hatakiwi tena kuwahi popote. Kisha mmoja wenu akaniomba niandike mawili matatu kuhusu tulivyokuwa tunapima usikivu wa simu zamani, kabla kompyuta haijaanza kufanya kazi na ninyi kunywa chai. Nimekubali. Habari za vyeo sitaziandika. Nilipandishwa mara chache, na kila mara kulikuwa na mtu aliyenung'unika kwamba alistahili yeye, na mara nyingi alikuwa anasema kweli. Nitaandika kuhusu daftari moja la jalada jeusi lililoko kabatini kwangu, na kosa lililofanya daftari hilo lianzishwe. Kosa nililifanya mimi, tena kwa adabu zote.

Nilianza kazi mwishoni mwa miaka ya themanini, mchora ramani wa daraja la chini kabisa katika ofisi ya upimaji. Siku ya kwanza sikupewa kalamu. Nilipewa wembe, tena nusu, kwa sababu nusu ya pili alikuwa nayo mwenzangu. Wakati ule ramani zilichorwa kwa wino juu ya karatasi ngumu inayopitisha mwanga, na ukikosea mstari ulikuwa unaukwangua kwa wembe taratibu, bila kutoboa karatasi. Aliyenifundisha alikuwa Mzee Mhina, fundi mkuu wa chumba kile, mtu wa Muheza, mwenye miwani iliyofungwa uzi mweusi upande mmoja. Kwa miezi mitatu nilikwangua makosa ya watu wengine. Mzee Mhina alisema hampi mtu wino mpaka amjue kwenye kufuta.

Nilipopewa wino hatimaye, nilipewa karatasi ya pwani ya kusini, upande wa Kimbiji. Kulikuwa na eneo moja halina kitu, nikaona linatia aibu, nikalijaza alama za vichaka. Mzee Mhina akaja akasimama nyuma yangu.

"Hapa umefika?"

"Hapana, mzee."

"Nani amefika akakwambia pana vichaka?"

"Hakuna, mzee. Niliona pako tupu."

"Kwangua. Mahali ambapo hatujafika panabaki peupe. Mtu akiona peupe, ataenda kwa uangalifu. Akiona miti uliyoitunga wewe, ataenda na shoka."

Nikakwangua siku nzima. Nilidhani mzee ananionea.

Baadaye ikaja ile miaka ya ruksa, biashara zilipoachiwa huru. Madukani kukajaa vitu, maofisini kukapungua watu. Mimi na Mzee Mhina tulipunguzwa kwa barua zinazofanana neno kwa neno, isipokuwa yeye alishukuriwa kwa utumishi wa muda mrefu na mimi kwa utumishi tu. Yeye akarudi Muheza kwenye michungwa yake. Mimi, baada ya miezi kadhaa ya kuchora mabango ya saluni na bucha, nikasikia kuna kampuni ya simu za mkononi inatafuta mtu wa ramani. Kwenye usaili waliniuliza kama naweza kupaka ramani rangi. Nikasema naweza pia kufuta. Hilo la pili hawakuliandika.

Wengi wenu mlikuwa hamjazaliwa, kwa hiyo nieleze. Simu za wakati ule, ukitia moja kwenye mfuko wa shati, shati lote linafuata simu. Aliyekuwa nayo aliiweka juu ya meza ya baa ili ionekane, na ilipolia, baa nzima ilinyamaza. Sauti yake haikuwa kama ya sasa, ambayo ama ipo ama haipo. Ilikuwa inafifia kidogo kidogo ndani ya mvumo, mpaka hujui unamsikia mtu au unamkumbuka. Shikeni hapo, maana habari yote inategemea mvumo huo.

Kazi yangu ilikuwa kuzunguka Kinondoni, Temeke na viunga vyake, kupima wapi minara yetu inasikika na wapi haisikiki, na kuonyesha hayo kwenye ramani. Ramani yenyewe ilikuwa ya zamani. Ilionyesha Tabata ni mikorosho na minazi, wakati Tabata niliyoiona kwa macho ilikuwa nyumba ubavuni mwa nyumba, mabati kwa mabati, na mkorosho mmoja uliobanwa katikati ya choo na duka la vipuri. Tulikuwa na kifaa cha kupokea satelaiti cha kutuonyesha tulipo. Mara mbili kilituambia tumo baharini wakati tumesimama Temeke tunakula mihogo.

"Braza," akasema Chande, dereva wangu, mzaliwa wa Temeke, "kama sie tumo baharini, huyu muuza mihogo atakuwa papa."

Basi tukaacha satelaiti, tukaamini mita ya gari. Kila nusu kilomita Chande alisimamisha pikapu, mimi nikashuka, nikavuta antena, nikapiga simu ofisini.

Aliyepokea ofisini alikuwa Bi Tatu. Huyu nataka mumjue vizuri. Alikuwa mama wa makamo, mtu wa pwani hasa, aliyekaa kwenye swichibodi ya serikali akiunganisha simu miaka mingi kabla ya kupunguzwa kama sisi. Alikuwa na sauti ya kukufanya uketi vizuri hata kama uko upande wa pili wa mji. Kazi yake ilikuwa kunisikiliza na kuandika kwenye fomu: safi, wastani, au hakuna. Mimi jioni nilipaka kijani, njano, au naacha nyeupe.

Siku ya kwanza nilipiga kutoka kituo namba moja.

"Bi Tatu, kituo namba moja. Unanisikia?"

Kimya.

"Bi Tatu? Haloo?"

"Nakusikia. Nasubiri."

"Unasubiri nini, Bi Tatu?"

"Nasubiri uniamkie. Au huko mlikokwenda watu hawana wakubwa?"

Nikamwamkia. Kuanzia siku hiyo tukawa na utaratibu. Shikamoo, Bi Tatu. Marahaba, mwanangu, hujambo? Sijambo, za hapo? Njema, za huko? Njema. Niko kituo namba fulani. Haya, nimekupata. Mafundi wa mitambo wakauona utaratibu huo, wakausifu, wakasema ni mrefu wa kutosha kupima sauti kwenda na kurudi. Ukaandikwa kwenye mwongozo wa kazi, herufi kubwa: UPIMAJI UTAANZA KWA SALAMU. Nilijiona nimechangia jambo katika sayansi.

Wiki kadhaa baadaye ramani ilikamilika, na ilikuwa kijani tupu. Magomeni kijani, Temeke kijani, Tabata kijani, Vingunguti kijani mpaka machinjioni. Wakubwa waliipenda. Ilichapwa kwenye kipeperushi cha karatasi ya kung'aa, kikagawiwa mjini, na chini kabisa kwa herufi za mchwa pakaandikwa imechorwa na nani. Kipeperushi kimoja nilikituma Muheza.

Kwa haki niseme kwamba kulikuwa na mahali tulipopaacha peupe. Tulienda Kimbiji kwa njia ambayo Chande alisema imetengenezwa na mtu mwenye ugomvi na magari. Huko simu haikutoa hata mvumo. Nilizunguka nayo juu ya kichwa kama mtu anayetishia nyuki, mpaka mzee mmoja aliyekuwa anapalilia shamba akatuuliza tunatafuta nini. Chande akamjibu tunatafuta pa kushikia simu. Mzee akaenda ndani, akatuletea kiti.

Sasa, mwaka ule kampuni ilikuwa imebakiwa na mnara mmoja wa kusimika. Mkurugenzi wetu alikuwa mtu mpole, mwenye suti ya kijivu, na yeye na marafiki zake walikuwa wameanza kununua viwanja Kimbiji. Sisemi kwamba viwanja ndivyo vilivyomfanya aipende Kimbiji. Nasema alikuwa anaipenda. Akatazama ramani yangu, akaona Tabata kijani na Kimbiji nyeupe, akasema mnara uende kunakokosekana mawimbi. Kwa ramani ile niliyoichora, mtu angembishia kwa lipi?

Ndipo akaja Sista Felista.

Alikuja asubuhi, amevaa sare nyeupe iliyopigwa pasi, ameshika kipeperushi chetu. Alikuwa mkunga, mtu wa Bukoba, aliyestaafu hospitali ya serikali, na ruhusa ya watu binafsi kutoa tiba ilipotoka akafungua nyumba ya kujifungulia pale Tabata. Vitanda sita, taa ya kandili kwa umeme ukikatika, na simu moja ya mkononi. Bi Tatu ndiye aliyemleta mezani kwangu, akabaki mlangoni.

"Shikamoo, Sista."

"Marahaba. Wewe ndiye umeichora hii?"

"Ndiyo, ni mimi." Nilidhani amekuja kunipongeza. Mungu anisamehe, nilikaa vizuri kwenye kiti.

"Nionyeshe Tabata, huku nyuma ya bonde."

Nikamwonyesha.

"Rangi gani hapo?"

"Kijani, Sista."

"Kijani maana yake nini?"

"Usikivu safi."

Akakikunja kipeperushi mara mbili, akakiweka chini ya kiganja, akaanza kunieleza. Wiki mbili kabla, saa tisa alasiri, aliletewa msichana anaitwa Rehema, mke wa mchinjaji wa Vingunguti, mimba ya kwanza. Mtoto alikuwa amelala vibaya na mama alikuwa ameanza kuvuja damu. Sista hakuwa na hofu kubwa, kwa sababu alikuwa amepatana na daktari mmoja wa mjini kwamba likitokea la namna hiyo apige, na gari litakuja. Ndiyo sababu alinunua simu. Na alinunua ya kwetu kwa sababu ya ile kijani.

"Nikampigia. Nikasema, dokta, nina mama anavuja damu, mtoto amekaa vibaya, leta gari haraka. Unajua alinijibu nini? Alisema, 'Salama kabisa, Sista, na watoto hawajambo, ahsante kwa kutukumbuka.' Akakata."

Nikakitazama kipeperushi chini ya kiganja chake.

"Nikapiga tena. Nikapiga kelele mpaka wagonjwa wakaamka. Akasema, 'Nimezipata, nimezipata, na wewe uwasalimie hapo.' Akakata. Mara ya tatu simu haikwenda kabisa."

Rehema alibebwa kwenye pikapu ya nyama, wachinjaji wakaiosha haraka na kutandika godoro. Alifika hospitali akiwa hai na alipona. Mtoto, wa kiume, hakupona.

"Dokta amelia mbele yangu," Sista akasema. "Alisikia sauti yangu kwa mbali, na kwa kuwa kila Ijumaa huwa nampigia kumjulia hali, akajua namsalimia. Sikuja kugomba, kijana. Nimekuja kukwambia, kwa sababu jina lako liko hapa chini. Kwenu hapa salamu zinafika. Habari hazifiki."

Akainuka, akaniachia kipeperushi. Niliona aibu siku ile ambayo sijawahi kuiona tena, na nimeishi miaka mingi na nimefanya mambo mengi ya kuonea aibu.

Alipoondoka, Bi Tatu hakurudi kwenye simu yake. Nilitoa fomu za Tabata, tukakaa nazo.

"Kituo cha kumi na saba," nikasema. "Umeandika safi. Ulinisikia?"

"Niliitikia."

"Bi Tatu, siulizi kama uliitikia."

Akavuta mtandio wake mbele. "Mwanangu, mtu akikuamkia, utamwachaje? Nilikuwaga nasikia mvumo, na ndani ya mvumo uko wewe. Mie nikishajua ni wewe, yaliyobaki si nayajua?"

"Na namba ya kituo? Uliisikiaje?"

"Baada ya kumi na sita inakuja ngapi?"

Nilitaka kumkasirikia, nikashindwa, kwa sababu nilikumbuka nilivyokuwa nimesimama kituo hicho cha kumi na saba, sikio moja nimeliziba kwa kidole, nikisikia kitu kama upepo kwenye debe. Nami nilijua ni marahaba. Ingeweza kuwa nini kingine? Mji mzima tulikuwa tumeupima kwa maneno ambayo kila mmoja wetu alikuwa ameshayajua kabla simu haijaita. Pale penye peupe tulipanda miti, na Sista Felista akaenda na shoka.

Bi Tatu alilia kidogo, kimya kimya, kisha akauliza tunaanza saa ngapi kupima upya.

Mafundi walishauri nihesabu moja mpaka kumi. Nikawaambia hata anayehesabiwa anajua baada ya tano ni sita. Mmoja akasema nisome gazeti, lakini Bi Tatu alikuwa analisoma asubuhi kabla yangu. Aya za Kurani hatukuzijadili hata, Bi Tatu alikuwa nazo moyoni. Mwishowe tukakubaliana hivi: katika kila kituo nitaangalia mbele yangu na kusema kitu kimoja ninachokiona, chochote, ambacho mtu aliyekaa ofisini hawezi kukijua. Mimi nitakiandika kwenye daftari langu, yeye ataandika alichokisikia, neno kwa neno, bila kujaza. Jioni tutalinganisha.

Lililobaki lilikuwa salamu. Bi Tatu alikubali kila kitu isipokuwa hilo. Kupigiwa simu na mtu mdogo na kuanza kuambiwa habari za mbuzi bila kuamkiwa, alisema, hata kwa sayansi hapana. Tulijadiliana kama watu wa posa. Hatimaye tukaafikiana kwamba asubuhi kabla ya kuondoka nitamwamkia mara moja kwa ajili ya vituo vyote vya siku hiyo.

"Lakini jioni ukirudi unaniamkia tena," akasema. "Ile ya asubuhi itakuwa imeshatumika."

Hilo ndilo daftari jeusi. Nikilifungua sasa naona mwandiko wangu upande wa kulia na wa Bi Tatu kushoto, na safu ya mwisho ya usikivu, kwa sababu baadaye tulinakili yote pamoja. Nimesema: mwanamke amebeba mlango kichwani, kitasa bado kipo. Bi Tatu amesikia: mwanamke, halafu mvumo, halafu kipo. Nimesema, mbele ya machinjio ya Vingunguti: ng'ombe mweusi amegoma, watu wanne wanamsukuma na mmoja anamsihi. Amesikia: watu wanne. Nimesema: fundi baiskeli amelala, ameegemeza kichwa kwenye gurudumu. Hakusikia kitu, ameacha mstari mtupu, na pembeni ameandika kwa herufi ndogo, samahani. Kituo kimoja Chande aliniomba niseme kwamba dereva ana njaa. Hiyo Bi Tatu aliisikia yote, mpaka nukta, lakini tukaifuta, kwa sababu hiyo angeisikia hata simu ingekuwa imezimwa.

Ramani mpya haikupendeza. Kando ya barabara kuu kulibaki uzi mwembamba wa kijani. Ukishuka tu kuelekea bonde la Msimbazi, ardhi inainama, mnara unabaki nyuma ya mwinuko, na sauti inapita juu ya vichwa vya watu. Vingunguti yote ikawa nyeupe, na Tabata ya nyuma ikawa nyeupe. Ile njano, nikisema ukweli, ilikuwa ni kijani inayoona haya.

Nikaipeleka kwa mkurugenzi. Akaitandaza juu ya kipeperushi.

"Kipeperushi kimeshachapwa," akasema.

"Ndiyo, mkurugenzi."

"Na hii unapimaje? Milango vichwani, ng'ombe waliogoma. Huu ni upimaji au hadithi? Watu wako Tabata, wanapiga simu, wanapokelewa. Tatizo lako wewe unachora matatizo."

Nilimwambia kuhusu Rehema. Alisikitika kwa kweli, sitamsingizia. Alitikisa kichwa, akasema pole nyingi, akasema daktari yule alipaswa kuwa makini. Kisha akasema kikao cha mnara ni Alhamisi na ajenda haibadiliki.

Kilichofuata sijivunii na sijutii. Nilikwenda Tabata, nikamweleza Sista, na Sista akaniuliza swali moja tu, saa ngapi.

Alhamisi tulikuwa watu saba mezani. Zamu yangu ilipofika, niliweka bahasha iliyofungwa katikati ya meza, nikaomba kikao kipokee simu moja tu ya mteja wa Tabata. Mkurugenzi alifurahi, alipenda sana wateja. Saa nne kamili simu ya mezani ikalia. Akainua mkono wa simu, akasikiliza, na uso wake ukachangamka.

"Marahaba, mama," akasema kwa sauti. "Hatujambo, hatujambo. Za huko? ... Nashukuru sana. Sisi tupo kwa ajili yenu. Karibu, karibu sana."

Akarudisha mkono wa simu mahali pake, akatugeukia. "Mmeona? Safi kabisa. Kwa mbali kidogo, lakini safi."

"Amesemaje, mkurugenzi?" nikauliza.

"Ameniamkia, ameuliza hali, akashukuru kwa huduma."

Nikamwomba mhasibu, aliyekuwa jirani na bahasha, aifungue asome. Ndani kulikuwa na karatasi ya Sista Felista, kwa mwandiko wake, yenye maneno aliyokuwa ameahidi kuyasoma mara tatu bila kuongeza neno. Mhasibu akasoma: "Mama anavuja damu. Mtoto amelala vibaya. Leteni gari."

Hakuna aliyemtazama mwenzake. Shikamoo haikuwemo. Sista Felista alikuwa na umri wa kumzaa mkurugenzi, asingemwamkia hata kama mawimbi yangekuwa mazuri. Mhasibu aliisoma tena karatasi, safari hii kimoyomoyo, kisha akaisukuma polepole mpaka mbele ya mkurugenzi.

"Umenitega," mkurugenzi akasema.

"Ndiyo, mkurugenzi. Na mimi nilinaswa kwa mtego huohuo."

Wiki iliyofuata nilipata barua mbili siku moja. Ya kwanza ilinijulisha kuwa mnara utajengwa Tabata. Ya pili ilikuwa ya onyo, kwa kumhusisha mteja katika zoezi lisilo na kibali. Zote mbili zilikuwa na sahihi moja, na ya onyo ndiyo iliyopigwa chapa vizuri zaidi. Nilimwandikia Mzee Mhina kisa chote, kurasa nne. Alinijibu mstari mmoja: wembe bado unao?

Mnara ulichukua zaidi ya mwaka. Mvua zilikuja, kibali kikapotea kikapatikana, vyuma vikakaa bandarini mpaka vikazoeleka. Kuhusu kipeperushi, nilitegemea kitachapwa upya. Wakubwa walikaa, wakaona kwamba Tabata itakuwa kijani hata hivyo, basi kwa nini kuingia gharama. Vipeperushi vya mwanzo viliendelea kugawiwa vilevile mpaka vikaisha. Ndiyo ramani pekee niliyowahi kuchora ambayo haikusahihishwa yenyewe, ikasahihishwa ardhi. Ninyi mnaopenda kusema ramani zenu hazina makosa, mjue hata yangu sasa haina.

Siku mnara ulipowashwa, mimi na Chande tulishinda Vingunguti tukipima. Wiki hiyohiyo, jioni moja, nilirudi ofisini nimechoka, vumbi mpaka kwenye kope, nikapita mezani kwa Bi Tatu na kumwamkia kama tulivyopatana.

Hakuitikia. Katika miaka yote niliyomjua, ile ndiyo mara ya pekee. Alikuwa na macho mekundu na anatabasamu, akalisukuma daftari jeusi kwangu, kidole kwenye mstari wa mwisho. Alikuwa amejaza mwenyewe pande zote mbili.

Mstari huo hauna namba ya kituo. Umeandikwa simu kutoka Tabata, nyumba ya Sista Felista, saa nane mchana. Kwenye alichosikia, Bi Tatu ameandika: mtoto wa kike, kilo tatu na robo, analia sana, mama mzima, mama ni Rehema.

Na kwenye safu ya mwisho, ile ya usikivu, kwa mwandiko wake wa swichibodi uliosimama wima, ameandika: Hakusalimu. Safi.